Fedha za mara moja, vijiji vya mbali: tuanze na zahanati, kisima au wahudumu wa afya?

Katibu wa Chama aliuliza:

Ndugu wanajukwaa,

Mimi ni katibu wa chama kidogo cha hiari kilichokusanya fedha kwa nia ya kuboresha afya na hali ya maisha katika vijiji kadhaa vilivyo mbali na barabara kuu, ambavyo huduma za umma huvifikia kwa shida na mara nyingine haziwafikii watu kabisa. Fedha zenyewe si haba, lakini ni za mara moja. Zikishatumika tutabaki na michango ya wanachama, ambayo kwa mwaka mzima haifikii hata sehemu ya kumi ya tulicho nacho sasa.

Kila tunapokutana kuamua, kikao kinagawanyika. Wako wanaotaka zahanati, kwa hoja kwamba mgonjwa hatibiwi chini ya mti na kwa sababu nyingine wasiyoitamka, kwamba jengo linaonekana na linawekewa jiwe la msingi. Wako wanaosema kuwa maji machafu ndiyo mzizi wa maradhi mengi, hivyo tuchimbe visima virefu. Kundi la tatu, ambalo ni dogo, linataka tuwafundishe wanavijiji wenyewe kuwa wahudumu wa afya, lakini likiulizwa watalipwa na nani, linanyamaza.

Naomba ushauri wa watu waliowahi kufanya kazi hizi au kuzisoma kwa makini. Fedha za namna hii zianze na lipi? Tufanye nini ili kitakachofanyika kiwe bado kinafanya kazi baada ya miaka mitano? Na je, tuwaulize vipi wanavijiji mahitaji yao bila wao kutujibu kile wanachodhani tumekuja kukitoa? Nimekwisha kuona kwamba wageni wakifika na gari lililoandikwa maji ubavuni, kijiji kizima hukubaliana kuwa tatizo lao ni maji.

Natanguliza shukrani.

Muuguzi Mstaafu alijibu:

Ndugu Katibu, nakupongeza kwa kuuliza kabla ya kununua saruji.

Nitaanza na zahanati kwa sababu ndiyo inayovuta mioyo ya watu. Gharama ya kujenga ni sehemu ndogo ya gharama ya zahanati. Baada ya kuta kusimama panahitajika mshahara wa mganga na muuguzi kila mwezi, dawa zisizokatika, nyumba ya mtumishi, maji, taa, usafiri wa rufaa na mtu wa kusimamia. Haya yote chama chenu hakiwezi kuyabeba kwa michango ya wanachama, kwa hiyo zahanati mtakayoijenga itakuwa hai ikiwa tu serikali itaichukua. Msifyatue tofali hata moja kabla hamjapata barua ya mamlaka ya afya ya eneo hilo inayosema ni watumishi wangapi watapangwa pale, kuanzia lini, na dawa zitatoka bajeti ipi. Ahadi ya mdomo iliyotolewa mbele ya mkutano wa hadhara si barua.

Sasa niseme kwa nini nawaunga mkono wale wachache wa kundi la tatu. Watoto wadogo katika sehemu zisizo na huduma hufa zaidi kwa mambo machache yanayojulikana: nimonia, kuharisha, malaria pale ilipo, na matatizo ya siku za kwanza baada ya kuzaliwa. Sehemu kubwa ya hayo yanaweza kutambuliwa na kuanza kutibiwa na mtu ambaye si daktari, aliyefundishwa vizuri, anayeishi mwendo mfupi kutoka kwa mgonjwa, na mwenye dawa mkononi. Wazo hili lina umri mrefu. Mkutano wa kimataifa wa afya wa Alma-Ata (sasa Almaty, Kazakhstan) wa Septemba 1978, uliohudhuriwa na serikali 134, uliwataja wahudumu wa jamii kuwa sehemu ya huduma ya afya ya msingi. Kabla ya hapo, mwaka 1970, madaktari wawili, mume na mke, Rajanikant na Mabelle Arole, walikuwa wameanza kazi Jamkhed, katika jimbo la Maharashtra nchini India, wakiwafundisha wanawake waliochaguliwa na vijiji vyao, wengi wao wasiojua kusoma wala kuandika.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa Gadchiroli, katika jimbo hilohilo. Abhay Bang na Rani Bang waliwafundisha wanawake wa vijijini kumtembelea mzazi nyumbani, kumpima mtoto mchanga, kumpa joto, kutambua dalili za maambukizi ya damu na hata kumchoma sindano ya dawa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1999 yalionyesha kuwa vifo vya watoto wachanga vilikuwa vimepungua kwa asilimia 62 vikilinganishwa na vijiji ambavyo havikuwa na huduma hiyo. Hakuna hospitali mpya iliyojengwa ili kufikia hapo.

Lakini kundi lenu la tatu lisishangilie mapema, kwa maana mipango ya wahudumu wa jamii iliyokufa ni mingi kuliko iliyoishi, na huwa inakufa kwa namna zinazofanana. Ya kwanza ni kumwita mtu wa kujitolea halafu kumpa kazi ya siku nzima. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 unasema waziwazi kuwa mhudumu wa jamii anayefanya kazi alipwe malipo yanayolingana na kazi yake, na kwamba malipo hayo yasitegemee hasa idadi ya kazi alizozikamilisha. Ethiopia, ilipoanza mpango wake wa mwaka 2003, iliwaajiri wanawake kwa mshahara wa serikali baada ya mafunzo ya mwaka mzima, wawili kwa kila kituo kidogo cha watu wapatao 5,000, na baadaye idadi yao ikapita 30,000. Mpango huo ulienea na kudumu kwa sababu mshahara ulikuwamo kwenye bajeti.

Namna ya pili ni dawa kukatika. Mama akitembea na mtoto mgonjwa hadi kwa mhudumu akakuta mkoba mtupu, atasamehe. Ikitokea tena, hatarudi, na atawaambia majirani. Mhudumu asiye na dawa huwa mtoa mawaidha tu, na mawaidha watu wamekwisha kuyasikia. Namna ya tatu ni kukosa msimamizi. Ninaposema msimamizi sina maana ya mkaguzi wa kuhesabu daftari. Ninamaanisha muuguzi anayefika kwa ratiba inayojulikana, anayeketi na mhudumu mbele ya mgonjwa halisi, anayemsahihisha bila kumdhalilisha na kumwongezea dawa zilizopungua.

Lipo jambo ambalo mhudumu wa jamii hawezi kulifanya, nanyi mlijue mapema. Kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua, kifafa cha mimba na uchungu pingamizi haviponywi nyumbani. Sereen Thaddeus na Deborah Maine walieleza mwaka 1994 kwamba mama hufa kwa kucheleweshwa mara tatu: kuchelewa kuamua kutafuta msaada, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Kwa vijiji vilivyo mbali na barabara kuu, ucheleweshaji wa pili ndio mnaoweza kuugusa kwa fedha zenu: makubaliano ya maandishi na mwenye chombo cha usafiri, mfuko mdogo wa dharura unaofunguliwa usiku bila kumsubiri mwenyekiti, na nyumba ya kusubiria kujifungua karibu na hospitali kwa akina mama wanaokaa mbali. Jengo la namna hiyo ningelichangia hata mimi.

Fundi wa Maji alijibu:

Nakubaliana na Mama Muuguzi kuhusu barua ya mamlaka na kuhusu malipo, ila ameyapita maji haraka mno, nami siwezi kunyamaza.

Maji si suala la vijidudu peke yake. Shirika la Afya Duniani na UNICEF huhesabu kuwa mtu ana huduma ya msingi ya maji endapo chanzo chake kimejengwa kwa namna inayokikinga na uchafu, na kwenda, kupanga foleni na kurudi hakuzidi dakika 30. Ukishavuka muda huo, kaya hupunguza maji inayochota, na kinachokatwa kwanza ni maji ya kunawa, ya kufulia na ya kuogesha watoto. Kwa hiyo hata pale ambapo maji ya bondeni yangekuwa safi, umbali wenyewe ni ugonjwa. Na saa hizo zinatoka kwa wanawake na wasichana, yaani walewale ambao mnawataka wahudhurie mafunzo, wapeleke watoto kliniki na wasome.

Hata hivyo, siwashauri mkimbilie mashine ya kuchimba. Mwaka 2009 takwimu zilizokusanywa kutoka nchi kadhaa za Afrika zilionyesha kuwa takriban theluthi moja ya pampu za mkono hazikuwa zikifanya kazi. Nyingi hazikuharibika kwa jambo kubwa. Huwa ni mpira wa ndani uliolika, au chuma kilichofunguka, au bomba lililotoboka kwa kutu kwa sababu maji ya pale yana asidi na mkandarasi aliweka bomba la chuma badala ya plastiki au chuma kisichoshika kutu. Pampu ya Afridev ilibuniwa miaka ya 1980 kwa makusudi kwamba mwanakijiji aweze kuifungua na kubadilisha vipuri kwa zana chache. Lakini ubunifu huo haufui dafu ikiwa kipuri kinauzwa mji ulio safari ya siku mbili na hakuna aliyepewa nauli ya kukifuata.

Kamati ya maji ya kujitolea, inayokusanya fedha baada ya pampu kuharibika, ni mpango ninaouogopa. Siku ya uharibifu ndiyo siku ambayo kila mtu anarudi mtoni na hakuna anayetaka kuchangia. Kule Kyuso, katika kaunti ya Kitui nchini Kenya, lilifanyika jaribio la kuweka kifaa kwenye mikono ya pampu kinachotuma taarifa za matumizi kwa mtandao wa simu, pamoja na fundi wa kulipwa anayefuatilia taarifa hizo. Muda wa pampu kukaa bila kutengenezwa ulishuka kutoka wastani wa siku 27 hadi chini ya 3. Mafundi hawakuwa na ujuzi mpya wowote. Tofauti ilikuwa kwamba palikuwa na mtu mmoja ambaye kazi yake, na ujira wake, ni pampu zote za eneo kuwa nzima. Vijiji vyenu vikiwa kadhaa na vikikaribiana, mnaweza kumwajiri fundi mmoja wa vyote, mkamwekea stoo ya vipuri, na kila kaya ikalipa kiasi kidogo kwa mwezi hata pampu ikiwa nzima. Hapo michango yenu ya mwaka itatosha kuziba pengo.

Jambo jingine ambalo wafadhili huliruka ni kupima maji kabla ya kukabidhi kisima. Bangladesh ilichimbiwa visima vya bomba kwa mamilioni kuanzia miaka ya 1970 ili watu waache maji ya madimbwi, na mwaka 1993 ndipo ilipothibitishwa kuwa maji ya visima hivyo katika maeneo mengi yalikuwa na arseniki, ambayo ni sumu. Kiwango cha mwongozo ni miligramu 0.01 kwa lita, na macho wala ulimi haviwezi kuitambua. Kwenye maeneo ya Bonde la Ufa tatizo la kawaida ni floridi, ambayo ikizidi miligramu 1.5 kwa lita huharibu meno na ikizidi sana hupinda mifupa. Kipimo cha maabara ni gharama ndogo sana ukilinganisha na ya kuchimba. Mkandarasi akisema si lazima, tafuteni mkandarasi mwingine.

Na tukumbuke kwamba maji yaliyo safi kwenye mdomo wa pampu huchafuka njiani na nyumbani, kwenye ndoo iliyo wazi na kata inayopita mikono mingi. Chombo chenye mdomo mwembamba au chenye bomba kwa chini kinasaidia, na klorini inasaidia zaidi, mradi maji yasiwe na tope na yaachwe nusu saa kabla ya kunywewa. Nimeona faida kubwa pale klorini inapowekwa kwenye chanzo chenyewe, kwenye tanki dogo lenye valvu inayotoa kipimo kamili, mtu akajaza ndoo na dawa ikachanganyika akiwa njiani kurudi. Chupa ya klorini inayopelekwa nyumbani husahauliwa kabatini.

Vyoo nitavitaja kwa sentensi moja, kwa maana wengi wanajua: shimo liwe angalau mita 30 kutoka kisimani, kitako chake kisifikie maji ya ardhini hata msimu wa mvua, na bomba la kupumulia lifungwe wavu juu ili nzi wasitoke.

Msomaji wa Tafiti alijibu:

Nawashukuru waliotangulia. Ninaongeza tahadhari moja ambayo huenda isiwafurahishe wapenzi wa maji na vyoo.

Kati ya mwaka 2018 na 2019 yalichapishwa matokeo ya majaribio makubwa matatu, ya Bangladesh, Kenya na Zimbabwe, ambapo kaya za vijijini zilichaguliwa kwa bahati nasibu kupewa vyoo bora, klorini na vifaa vya kunawia mikono. Katika nchi zote tatu, hatua hizo hazikuongeza kimo cha watoto. Kuharisha kulipungua Bangladesh, lakini hakukupungua Kenya wala Zimbabwe. Chakula cha nyongeza kilisaidia kimo kidogo. Wengi walisoma matokeo hayo kana kwamba maji safi hayana maana, jambo ambalo si sahihi. Ninavyoyaelewa mimi, yanasema kwamba hatua hafifu kwenye mazingira yaliyochafuka sana hazitoshi. Mtoto anayetambaa kwenye udongo wenye kinyesi cha kuku hulindwa kidogo sana na choo cha mzazi wake.

Kwa sababu hiyo nashangaa kwamba katika kambi tatu za chama hakuna hata moja iliyotaja nyumba yenyewe. Jimbo la Coahuila nchini Mexico lilianza mwaka 2000 kuzipa kaya maskini saruji ya kufunika sakafu za udongo. Watafiti waliozilinganisha kaya hizo na nyingine za jimbo jirani walikadiria kuwa kubadilisha sakafu yote ya udongo kulipunguza minyoo na vimelea kwa watoto kwa asilimia 78, kuharisha kwa asilimia 49 na upungufu wa damu kwa asilimia 81, na akina mama wenyewe walikuwa na msongo mdogo zaidi wa mawazo. Niseme wazi kwamba utafiti ule ulifanyika kwenye mitaa maskini ya mjini yenye maji ya bomba, kwa hiyo kijijini pasipo maji huenda faida ikawa ndogo. Hata hivyo sakafu ina sifa ambayo pampu na zahanati hazina: ikishamwagwa vizuri haihitaji mshahara, kipuri wala kamati, na fedha za mara moja zinaifaa kuliko kitu kingine chochote kilichotajwa hapa.

Moshi pia usisahauliwe. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa moshi wa kupikia ndani ya nyumba ulichangia vifo vya watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Majiko banifu ya bei nafuu, kwa bahati mbaya, mara nyingi hayapunguzi moshi kiasi cha kutosha kulinda mapafu, na huachwa baada ya muda. Kupikia nje au chini ya paa lililo wazi pembeni hakuhitaji mradi.

Katibu wa Chama aliandika tena:

Nimesoma majibu yote pamoja na wenzangu wawili wa kamati, na kikao chetu kijacho kitakuwa tofauti.

Niongeze taarifa ambazo nilipaswa kuziweka tangu mwanzo. Katika eneo lile ipo zahanati moja ya serikali yenye muuguzi mmoja, ambayo watu wa vijiji vya karibu huifikia kwa miguu na wa mbali huifikia kwa taabu. Pampu za mkono zipo vijiji karibu vyote, lakini nyingi zimekufa. Nyumba nyingi zina sakafu ya udongo. Je, ushauri wenu unabadilika? Na lile swali la kuwauliza wanavijiji bado halijajibiwa.

Mwezeshaji wa Mikutano alijibu:

Ndugu Katibu, nitalishika hilo la kuuliza, kwa maana ndilo ninaloliishi.

Msiulize mahitaji. Neno hilo likishatamkwa, mkutano unageuka kuwa orodha ya maombi, na atakayesikika ni mzee mwenye sauti na mwalimu mwenye kalamu. Ulizeni matukio. Mtoto wa nyumba hii aliugua lini mara ya mwisho, mlianza kufanya nini, nani aliamua, mlimpeleka wapi, mlingoja kwa muda gani, mlilipa nini, mlikipata wapi? Kwa kaya kadhaa zilizochaguliwa bila upendeleo, zikiwamo zile za pembezoni kabisa ambazo mwenyeji wenu hatawapeleka kwa hiari, maswali hayo yatawaonyesha mnyororo unakatikia wapi. Mama atakayesema aliishi na mtoto mwenye homa siku tatu kwa sababu mume alikuwa safarini na ndiye mwenye kauli ya fedha, huyo amewaambia jambo ambalo lisingetoka kwenye mkutano wa hadhara hata mngekaa hadi jioni. Ongeeni na wanawake peke yao, na anayewauliza awe mwanamke. Angalieni vilevile ni mambo gani watu tayari wanayalipia kwa fedha zao wenyewe, kwa sababu huko ndiko maumivu yao yaliko, hata kama midomo inataja kitu kingine.

Kisha kuuliza kusiishie kwenye ziara. Katika wilaya ya Makwanpur nchini Nepal, mwanamke wa eneo hilo ambaye hakuwa mtaalamu wa afya alikuwa akiwakutanisha wanawake kila mwezi. Wakazungumza juu ya matatizo ya uzazi na ya watoto wachanga, wakachagua wenyewe la kufanya, wakalifanya, wakakutana kutathmini. Wako walioanzisha mfuko wa akiba wa dharura, wako waliotengeneza machela. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2004 yalionyesha vifo vya watoto wachanga pungufu kwa asilimia 30 katika maeneo yenye vikundi hivyo, na mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza njia hiyo. Gharama yake ni posho ya mwezeshaji na uvumilivu wa wafadhili, ambao kwa kawaida ndio haba zaidi.

Mkisikia majibu yanafanana neno kwa neno nyumba hadi nyumba, tambueni kuwa mmetanguliwa na tangazo. Ondokeni, mrudi siku nyingine bila gari.

Muuguzi Mstaafu alijibu tena:

Taarifa mpya zinabadilisha mengi, Ndugu Katibu, na zinapunguza gharama.

Zahanati mpya ifuteni kwenye ajenda. Muuguzi aliyepo peke yake ndiye rasilimali yenu kubwa, naye bila shaka amelemewa. Ongeeni naye kabla hamjaongea na mtu mwingine yeyote wa serikali, mjue ni dawa zipi zinakatika na miezi gani, kisha mpange wahudumu wa jamii wawe chini yake. Wasiwe jeshi la chama linaloripoti kwenu. Mhudumu ambaye muuguzi hamtambui, rufaa yake haipokelewi vizuri, na mgonjwa analiona hilo mara ya kwanza.

Pampu zilizokufa zitangulie visima vipya, kama Fundi wa Maji alivyoeleza, na nitafurahi akituambia hapa namna ya kujua ipi inafaa kufufuliwa na ipi imekauka. Kuhusu sakafu, nilikuwa sijalifikiria jambo hilo, na ninamwunga mkono Msomaji wa Tafiti kwa sharti kwamba saruji ianze na nyumba zenye watoto wa chini ya miaka mitano, zikiwamo za wajane na za wasio na jamaa kwenye kamati ya kijiji.

Katika mafunzo ya wahudumu, msianze na vitabu vinene. Anzeni na kuharisha, kwa sababu mafanikio yanaonekana ndani ya siku moja na yanajenga imani. Wakati wa wakimbizi wa vita vya Bangladesh vya mwaka 1971, daktari Dilip Mahalanabis, katika kambi moja ya Bongaon nchini India, alipoishiwa maji ya mishipa aliwapa ndugu za wagonjwa wa kipindupindu mchanganyiko wa chumvi na sukari wawanyweshe wenyewe, na vifo vikashuka kutoka takriban 30 kwa kila wagonjwa 100 hadi chini ya 4. Baadaye shirika la BRAC liliwafundisha akina mama wa Bangladesh nyumba kwa nyumba, katika kaya zipatazo milioni 12, kati ya 1980 na 1990, na malipo ya mwalimu yakategemea kile ambacho akina mama walikikumbuka alipokuja mtu mwingine kuwapima. Utaona kuwa hilo linapingana kidogo na mwongozo wa malipo nilioutaja juu. Tofauti ni kwamba yule alikuwa mwalimu wa somo moja, mhudumu wenu atakuwa na kazi nyingi ambazo nyingine hazipimiki. Leo paketi za mchanganyiko huo zilizotengenezwa tayari ndizo bora, pamoja na zinki kwa siku 10 hadi 14. Paketi zikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, vinatosha kuokoa maisha. Chumvi ikizidi ni hatari, kwa hiyo mama asielezwe tu: achanganye mwenyewe mbele ya mhudumu.

Fundi wa Maji alijibu tena:

Kwa pampu zilizokufa: fungueni kila moja, ondoeni mabomba, na mpime kwa kamba kina cha kisima na kina cha maji, hasa mwishoni mwa kiangazi. Kisima kilichojaa mchanga kinaweza kusafishwa. Kisima ambacho maji yake yameshuka chini ya mwisho wa mabomba huongezewa bomba ikiwa pampu yenyewe inahimili kina hicho. Kile kilichokauka kabisa, au ambacho watu walikiacha kwa sababu maji yana chumvi au kutu hata nguo hazifuliki, msikitupie fedha. Waulizeni wanawake waliokuwa wakichota pale kabla hamjamwuliza fundi, kwa sababu wanakumbuka pampu ilianza lini kuwa nzito na maji yalikuwa na rangi gani.

Kuhusu fedha, tengeni akiba ya miaka mitano ya fundi mmoja, stoo ya vipuri na posho za wahudumu kabla ya kugawa kitu kingine chochote, na iwe kwenye akaunti ambayo haiguswi kwa saruji wala kwa uzinduzi. Kitakachobaki ndicho cha sakafu na ukarabati. Ikiwa baada ya kutenga akiba hiyo fedha hazitoshi vijiji vyote, anzeni na viwili, na mwandike kwenye mkataba, kwa cheo na si kwa kauli ya jumla, nani atamlipa mhudumu mwaka wa sita.